Darajani na Bububu: Mawazo juu ya Utamu wa Zamani

Wazee wetu walisema: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Katika mwaka wa 1688 daktari mmoja wa Uswisi, aliyeitwa Johannes Hofer, alisema kinyume chake. Aliwaona vijana waliokaa mbali na kwao wakikonda, wakikosa usingizi na kulemewa na majonzi, wala hapakuwa na jeraha lililoonekana. Akaunganisha maneno mawili ya Kiyunani, moja la kurejea nyumbani na la pili la maumivu, akayapa maradhi hayo jina. Kwake yeye yaliyopita yalikuwa ndwele hasa, na dawa iliyofaa kuliko zote ilikuwa kumrudisha mgonjwa kwao.

Kiswahili hakikuunda neno moja kwa hali hii. Twasema hamu, twasema shauku, twasema fulani amekumbuka kwao. Lakini maradhi tunayo, na dawa ya Hofer haitufai sana, maana mtu aweza kurudishwa mahali, hawezi kurudishwa katika wakati. Aliyezaliwa Mji Mkongwe wa Unguja aweza kurejea leo akaukuta mlango wa nyumba yao na misumari yake ya shaba, asiwakute watu waliokuwa wakiufungua. Nimeugua ndwele hii kwa miaka mingi, na kwa kazi yangu ya kufundisha nimekuwa pia kama mganga wake. Katika insha hii nataka kuupima utamu wa zamani kwa majina mawili ya mahali, Darajani na Bububu, ambayo niliyajua kabla sijajua kusoma.

Mgeni akisikia jina la Darajani atatafuta daraja, wala hataliona. Ataona soko lililojengwa mwaka 1904, ataona njia kuu yenye magari na wachuuzi, na watu wakivuka bila ya kufikiri kuwa wanavuka kitu. Hapo palikuwa na mkono wa bahari uliojaa maji kujaapo na kubaki tope kupwapo. Upande wa magharibi ulikuwa mji wa mawe, na upande wa mashariki makazi ya watu wengi yaliyoitwa Ng'ambo. Daraja liliunganisha pande hizo mbili. Katika karne ya 20 mkono ule wa bahari ulifukiwa kidogo kidogo, mpaka maji yakatoweka na daraja likakosa kazi. Jina lilibaki. Na ng'ambo ya pili nayo iliendelea kuitwa Ng'ambo, ijapokuwa hapana maji tena ya kuvuka.

Jina la namna hii ni shahidi mwaminifu. Linatuambia kweli ambayo macho hayawezi kutuambia, kwamba mji wetu ulikuwa miji miwili. Utotoni mwangu nilidhani mwaminifu huyo ana ndugu, na ndugu yake ni Bububu.

Bububu iko kaskazini ya mji, kiasi cha maili 7 kwa njia ya pwani. Mnamo mwaka 1905 gari la moshi lilianza kwenda huko kutoka mbele ya Ngome, likipita Malindi katika vichochoro vilivyokuwa vyembamba hata abiria aliweza kunyosha mkono akagusa ukuta. Lilikuwa reli iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani, na maisha yake yalikuwa mafupi. Miaka ya 1920 haikwisha ila nalo limekwisha. Bibi yangu, mzaa baba, alilipanda alipokuwa mtoto. Kila mara alipotusimulia alilifanyia mlio wake: bu-bu-bu, bu-bu-bu. Ndiyo maana, akisema, mahali pale pakaitwa Bububu.

Nyumba yetu ilikuwa ya ghorofa mbili, na ndani yake mlikuwa na wanawake wazee wawili. Adabu ya nyumba haikuturuhusu sisi watoto kumwita mtu mzima kwa jina lake tupu, kwa hiyo wote wawili walikuwa bibi zetu. Kwa kuwabainisha tulisema Bibi wa Juu na Bibi wa Chini. Bibi wa Juu ndiye mama yake baba, na kitanda chake kilikuwa ukumbini, karibu na dirisha lililopokea upepo wa bahari. Bibi wa Chini alikuwa na chumba kando ya uani, karibu na jiko na kisima. Hatukuona ajabu yoyote katika majina hayo. Ngazi ilikuwa ngazi, na watu wengine huishi juu na wengine chini, kama nazi zilivyo juu na mizizi chini.

Baada ya magharibi Bibi wa Juu alikuwa akitutandikia hadithi zake. Alizisimulia nyumba za rafiki zake zilivyonukia udi, siku kuu zilivyosherehekewa Mnazi Mmoja, namna majirani walivyopelekeana futari katika sahani ambazo haikuwa adabu kuzirejesha tupu. Mwisho wa kila hadithi ulikuwa mmoja: "Hizo ndizo zilizokuwa siku, wajukuu zangu." Nasi tuliosikia tulisikitika kwa kuzaliwa tumechelewa. Hata leo nikisikia harufu ya udi nasikitika vile vile, kwa ajili ya siku ambazo sikuziona hata moja.

Nilipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu nilisoma kumbukumbu za Seyyida Salme binti Said, aliyezaliwa katika jumba la Mtoni mwaka 1844. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan. Mwaka 1866 alitoroka Unguja, akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete, na akachukua jina la Emily. Kitabu chake kilitoka Ujerumani mwaka 1886. Humo anaeleza jinsi alivyokaa kwa muda katika nyumba iliyokuwa pwani, baada ya kushindwa kwa njama ya ndugu zake dhidi ya Seyyid Majid ya mwaka 1859. Na mahali hapo anapataja kwa jina: Bububu.

Nilikiweka kitabu chini. Salme aliondoka Unguja miaka 39 kabla ya gari la moshi, na kitabu chake kilipigwa chapa miaka 19 kabla yake. Jina la mahali haliwezi kutokana na mlio wa chombo ambacho hakijaja. Wapo wasemao kwamba jina hilo ni sauti ya maji ya chemchemi za huko, zile zilizovutwa kwa mabomba kuleta maji mjini katika enzi za Seyyid Barghash. Mimi siamui neno hilo hapa. Nililolijua siku ile ni kwamba bibi yangu, ambaye alikwisha fariki, alikuwa amenisimulia kisa kisichoweza kuwa kweli, na kwamba mimi ndiye niliyemkamata. Furaha ya mwanachuoni na huzuni ya mjukuu zilinijia kwa pamoja, na hata sasa sijui ipi ilitangulia.

Lakini kosa hilo halikuwa zito kuliko yote. Zito zaidi nililijua zamani, nikiwa na umri wa miaka minane au tisa, nisilielewe. Siku moja nilikuwa uani nikimfanyia Bibi wa Chini mlio wa gari: bu-bu-bu. Alikuwa akikuna nazi juu ya mbuzi, na hakuacha kukuna. Akaniambia: "Gari lile nalijua, mwanangu. Mimi sikulipanda. Likipita, cheche zake zikiruka juu ya makuti yetu, na mama akitutuma tukae na ndoo za maji mpaka liishe kupita." Nikamwuliza kwa nini hakulipanda. Akanitazama, akasema: "Kwa nauli ya nani?"

Baadaye nilijifunza kwa mdomo wa baba yangu, kwa maneno machache na kwa sauti ya chini, kwamba mama yake Bibi wa Chini alikuwa mtumwa wa babu yake baba. Alikaa katika shamba letu upande wa Bububu. Uhuru ulipotangazwa na Seyyid Hamoud bin Mohammed mwaka 1897 sheria haikuzivunja pingu zote kwa siku moja. Mtumwa aliyeutaka uhuru ilimpasa aende mwenyewe mahakamani kuudai, na aliyekwenda aliweza kupoteza kibanda alichokuwa akikaa na kipande cha ardhi alichokuwa akilima. Wengi walibaki pale walipokuwa, wakabadilishiwa jina la kazi yao lakini si kazi yenyewe. Binti yake alizaliwa huru. Hata hivyo alikuja kuishi katika nyumba yetu, na akaishi chini.

Kwa hiyo gari lilikuwa moja, na kumbukumbu mbili. Mtoto mmoja alikuwa ndani akishangilia mlio wake, na mtoto mwingine alikuwa nje na ndoo ya maji. Wote wawili walizeeka katika nyumba moja, wakala katika chungu kimoja, wakaugua na kuuguzana. Bibi wa Juu alipofariki, Bibi wa Chini ndiye aliyelia kuliko watu wote, na machozi yale yalikuwa ya kweli. Asidhani msomaji kwamba nataka kuwafanya maadui. Nataka kusema tu kwamba kila siku, Bibi wa Juu alipotamka kuwa hizo ndizo zilizokuwa siku, palikuwa na mtu aliyekaa kwenye ngazi ya mwisho akisikiliza, naye hakupata hata mara moja kuitikia.

Sasa tukirudi kwa Seyyida Salme tutaona hali ile ile imeandikwa kwa herufi kubwa. Kitabu chake ni hazina. Pasipo yeye tungejua kidogo sana juu ya maisha ya ndani ya Mtoni, mavazi, malezi, magonjwa na sherehe. Aliandika akiwa mjane katika nchi ya baridi, na kila ukurasa una hamu ya kwao. Lakini hamu hiyo hiyo ndiyo iliyomfanya autetee utumwa. Anaueleza utumwa wa nchi za Mashariki kuwa ni wa upole, na anawakemea Wazungu waliotaka kuukomesha kwa haraka. Hakuwa mtu mkatili. Alikuwa mtu aliyekumbuka utoto wake. Nyumba ya utoto wake ilisimama juu ya mabega ya watu, na alipoitamani nyumba aliyatamani mabega pamoja nayo. Soko la watumwa la mji wake lilifungwa kwa mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, na juu ya uwanja wake Mkunazini likajengwa kanisa. Mtu aliyeuzwa pale naye alikuwa na utoto, na mahali alipoutamani palikuwa mbali kuliko Ujerumani. Lakini hakuandika kitabu.

Ilipita karibu karne moja kabla ya kasri kusimuliwa kutoka upande wa jikoni. Katika mwaka 1978 Adam Shafi alitoa riwaya yake Kasri ya Mwinyi Fuad, na ndani yake yumo mtumishi aitwaye Kijakazi, ambaye uaminifu wake kwa bwana wake unamfanya msomaji ahuzunike na akasirike kwa wakati mmoja. Nilipoisoma nilimjua. Alikuwa akikuna nazi uani kwetu.

Yamkini msomaji atafikiri kwamba ugonjwa huu ni wa wenye nyumba za ghorofa peke yao. Sivyo. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 watu wengi walihama au walikimbia, na wako waliokaa Maskati, Dubai na miji ya Uingereza wakiwasimulia watoto wao Unguja ambayo kila mtu alimjua jirani yake na hapana aliyelala njaa. Upande wa Ng'ambo nao nimesikia wazee wakiisifu miaka ya mwanzo ya Mapinduzi: eka tatu tatu walizogawiwa wasiokuwa na ardhi, elimu bila ya malipo iliyotangazwa mwaka 1964, na majumba marefu ya Michenzani waliyopewa watu waliokuwa wakikaa vibandani. Mambo hayo yalikuwako kweli. Katika miaka hiyo hiyo watu waliuawa, walifungwa na walipotea, na kusema neno kwa sauti kulikuwa hatari. Kila upande una siku zake njema, na siku njema za upande mmoja aghalabu ndizo siku mbaya za upande wa pili. Maji ya Darajani yalifukiwa katika ardhi, lakini katika kumbukumbu bado yanajaa na kupwa.

Wala mimi mwenyewe sikusalimika. Nilizaliwa katika miaka ya 1970, na kumbukumbu yangu ya kwanza iliyo wazi ni ya foleni. Tulipangwa tangu alfajiri kwa ajili ya mchele na sukari, na kila mtu aliyeondoka kidogo aliweka jiwe au kikapu kushika nafasi yake. Nikikumbuka foleni ile nacheka kwa furaha. Tulicheza baina ya vikapu, tulibadilisha mawe ya watu tukasababisha ugomvi, na tulijua hadithi za mtaa mzima kabla ya jua kupanda. Mwaka 1984 milango ya biashara ilipofunguliwa na bidhaa zikarudi madukani, nilihuzunika kidogo kwamba foleni zinakwisha. Siku moja, nikiwa mtu mzima, nilimwambia mama yangu kwamba foleni zile zilikuwa na umoja ambao leo hatunao. Mama aliweka kikombe chake chini. "Wewe ulikuwa unacheza," akasema. "Mimi nilikuwa nahesabu watu walio mbele yangu na gunia lililobaki."

Basi nikajua kwamba nami nilikuwa abiria wa gari, na mama yangu ndiye aliyeshika ndoo. Utoto ni safari ambayo nauli yake hulipwa na mtu mwingine. Ndiyo maana huwa tamu, na ndiyo maana utamu wake si ushahidi wa kutosha juu ya wakati wenyewe.

Nitataja jambo moja zaidi ambalo kwangu ni la aibu. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele ya Beit al-Ajaib iliporomoka pamoja na mnara wake wa saa, wakati jengo likiwa katika matengenezo. Jumba hilo lililojengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883 lilivumilia mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896, katika vita visivyotimia saa moja. Tangu mwaka 2000 Mji Mkongwe wote umo katika orodha ya urithi wa dunia. Nilipoiona picha ya vifusi nililia. Nililia kwa ajili ya nguzo na roshani, na kwa ajili ya kivuli ambacho nilipita chini yake mara nyingi nikienda Forodhani kula mishikaki. Ilipita muda kabla sijasoma mstari wa chini, uliosema kwamba watu wawili wamekufa. Walikuwa kazini. Machozi yangu yalikuwa yamekwisha tumika.

Kila mwaka nawasimulia wanafunzi wangu habari ya Bububu ili wajifunze kupima usemi kwa tarehe. Mwaka mmoja msichana aliyekaa nyuma aliinua mkono, akauliza: "Mwalimu, kwa hiyo bibi yako alikuwa mwongo?" Darasa likacheka, lakini swali lilikuwa la haki, na sikuweza kulijibu siku ile kwa namna iliyoniridhisha. Nitajaribu kulijibu hapa.

Bibi yangu hakusema uongo. Alitumia kisa kile kushuhudia jambo moja, na sisi tukakisikia kuwa chashuhudia jambo jingine. Kama ushahidi juu ya asili ya jina, kisa hakina thamani, na ni wajibu wetu kusema hivyo wazi hata mbele ya kaburi la bibi. Kama ushahidi juu ya mtoto wa Mji Mkongwe aliyefurahi mpaka akadhani kwamba mlio wa furaha yake ndio uliozipa nchi majina, kisa ni kweli tupu, wala hapana hati katika Nyaraka za Taifa iwezayo kutupa habari hiyo. Mwanahistoria akikitupa kisa amepoteza shahidi. Akikikubali chote ameondoka mahakamani kabla shahidi wa pili hajaitwa.

Shahidi wa pili ndiye ninayemhofia kumpoteza. Kumbukumbu tamu husimuliwa mara nyingi, na kwa kusimuliwa hudumu. Chungu humezwa, na mwenye kuimeza huondoka nayo. Bibi wa Juu aliniachia hadithi mia. Bibi wa Chini aliniachia maneno ya siku moja, na kama si kwamba mtoto mpumbavu alimfanyia mlio wa gari, hata hayo yasingalisemwa. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka mengine. Nakumbuka mikono yake, nakumbuka mlio wa mbuzi ya nazi, nakumbuka kanga yake ilivyonukia moshi. Sikumbuki kuwa niliwahi kumwuliza alizaliwa kijiji gani.

Tuna methali nyingine: mwacha asili ni mtumwa. Tumeitumia sana katika hotuba na katika vitabu vya shule kuwahimiza vijana wapende mambo ya kale. Lakini yafaa kujiuliza methali hiyo ilisikikaje katika masikio ya mtu ambaye asili aliyoachiwa ni utumwa wenyewe. Huyo alitakiwa ashike nini? Nadhani jibu lake ni hili: ashike kweli yote, na sisi tuishike pamoja naye. Kupenda zamani si kosa. Kosa ni kuipenda kwa namna inayomtaka mtu wa chini aendelee kunyamaza ili hadithi ya mtu wa juu isiharibike.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na Hofer wala na methali ya kwanza kwa ukamilifu. Yaliyopita ni ndwele kwa mtu anayeyakumbuka peke yake, lakini yakikumbukwa na wawili hupoa. Siku hizi nikipita Darajani wakati wa alasiri, watu wakimiminika kutoka pande zote mbili na vikapu vyao vya soko, hujikumbusha kwamba nakanyaga mahali palipokuwa maji. Halafu huingia katika basi la Bububu. Nauli yangu nalipa mwenyewe, na njia nzima sikio langu hutega ule mlio wa bibi. Sijaacha kuupenda. Lakini gari likipita Mtoni na kukaribia mashamba, nageuza uso dirishani kutazama upande wa vibanda, palipokaa msichana mmoja na ndoo yake ya maji, akingoja tupite.